Kompteri Yenye Akili: Anafaidika Nani, Nyumba au Kampuni ya Umeme?

Leo jioni, saa kumi na mbili ya magaribi, tembeza macho nyumbani kwako. Sufuria ya sombe iko juu ya resho. Binti anapiga pasi nguo za shule. Televisheni inasema peke yake, hakuna anayeisikiliza. Frigo inanguruma. Kwa jirani, vilevile. Ng'ambo ya barabara, vilevile. Halafu, pa! Giza. Katye nzima inapiga kelele: "Wamekata!"

Sasa jiulize: aliyekata alijua anamkatia nani?

Jibu ni hapana, hakujua. Na hapo ndipo shida yote ya umeme wetu inapoanzia. Siku hizi watu wanasema sana juu ya "nyumba zenye akili," yaani nyumba ambazo taa, frigo na kompteri vinazungumza na simu ya mwenyewe na hata na kampuni ya umeme. Wengine wanacheka: "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hata balbu haiwaki!" Subiri kwanza. Mahali umeme ulipo mchache ndipo akili inapohitajika zaidi. Na wewe unayetusoma Kolwezi, Kamituga au Mongbwalu, usiruke ukurasa huu, kwani habari ya Kisangani ni habari yako pia.

HESABU YA MTO TSHOPO

Sisi wa Kisangani tuna bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: maporomoko yako mlangoni. Santrali ya Tshopo ilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na ina mashine tatu. Zote zikiwa nzima na maji yakitosha, zinatoa karibu megawati 18. Nasema "zikiwa nzima," kwa maana wakaaji wa mji huu wanajua kwamba kwa miaka mingi mara inazunguka mbili, mara moja. Mwezi Juni 2000, katika Vita vya Siku Sita, mji ulikaa gizani na bila maji, kwa sababu pampu za REGIDESO nazo zinakula umeme uleule.

Haya, ninyi vijana mnaosoma hesabu, chukueni kalamu. Megawati 18 ni wati milioni 18. Resho moja ya kawaida inakula kama wati 1,500. Gawanya. Umepata ngapi? 12,000.

Maana yake: nyumba 12,000 zikiwasha resho moja moja kwa wakati mmoja, Tshopo yote imekwisha. Hakuna kilichobaki kwa hospitali, kwa pampu ya maji, wala kwa taa ya mwanafunzi. Na mji huu una watu zaidi ya milioni moja.

Mtu anayekaa kwenye mashine hamwoni mama wala resho. Anaona mshale unapanda. Ukipanda kupita kiasi, mashine inaweza kuharibika, basi anafunga laini moja nzima: Mangobo leo, Kabondo kesho. Mwenye resho tatu na frigo mbili anakatwa pamoja na mjane mwenye balbu moja. Hiyo ndiyo delestaje. Mtu huyo hana roho mbaya. Hana macho tu.

Na wewe nyumbani, unayo macho? Wateja wengi wa SNEL, tangu kampuni hiyo ilipozaliwa mwaka 1970, hawajawahi kuona kompteri ukutani. Wanalipa forfe, yaani bei ya kukadiria. Fakture inakuja na hesabu ileile, umeme uwe umekuja siku 30 au siku 9. Ndiyo maana watu wanasema: "Kwa nini nizime taa? Nitalipa sawasawa." Nao wana haki. Forfe inamfundisha mtu kupoteza. Katika makambi ya kampuni za migodi wazee wanakumbuka taa za nje zilizowaka mchana kutwa. Fakture ilikwenda kwa kampuni, nani angejali?

TARAKIMU 20

Dawa ya kwanza ilikuwa kompteri ya kulipa mbele. Unanunua umeme kama unavyonunua inite za simu, unapewa namba yenye tarakimu 20, unaiandika kwenye kibonyezo, na umeme unaingia. Watanzania wanaiita LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Wakenya wanasema tokeni. Waganda waliipokea mwaka 2011 kwa jina la Yaka. Rwanda, Burundi na huku kwetu Kivu watu wanasema Cash Power. SNEL nayo imeziweka Kinshasa na katika miji mingine.

Namba ile ina ufundi ndani yake. Imefungwa kwa ufunguo wa siri wa kompteri yako peke yake. Jirani akiiandika kwake, haiingii. Ukiiandika wewe mara ya pili, inakataa, kwa kuwa namba inabeba dakika iliyotengenezwa, na kompteri inakumbuka. Dakika hizo zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuziandika ilitosha dakika milioni 16 na zaidi, basi. Nafasi hiyo ilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo, mamilioni ya kompteri za namna hii, kutoka Johannesburg hadi Kampala, zilibidi kuandikiwa namba za pekee ili saa yake ianze upya. Ambaye hakufanya hivyo alijikuta ananunua umeme usioingia. Ndipo watu wengi walipofahamu kwamba kile kisanduku ukutani kina kalenda.

Faida kwa nyumba inaonekana upesi: unalipa ulichokula. Umeme usipokuja wiki mbili, hela yako inabaki ndani ya kompteri inakungoja. Hakuna ajenti wa kuja na ngazi kukata waya Ijumaa jioni, hakuna majadiliano mlangoni. Kwa kampuni, faida ni kwamba inapata hela kabla ya kutoa mali. Kampuni yenye hela mkononi inaweza kununua mafuta ya transfoma na kamba mpya. Kampuni inayodai wateja wake miaka mitatu haiwezi.

Lakini tazama, kompteri hiyo ni bubu. Inapokea namba, haijibu kitu. SNEL haijui kama umekula leo au jana, kama waya wako umeungua, au kama umepitisha waya mwingine pembeni. (Tusijifanye watakatifu, jambo hilo linajulikana katika kila katye.)

KOMPTERI INAYOJIBU

Kompteri yenye akili ina kitu kama simu ndogo ndani yake. Kila baada ya muda, tuseme nusu saa au saa moja, inatuma habari kwa njia ya mtandao wa simu au kwa kupitia waya wenyewe wa umeme: nyumba hii imekula kiasi hiki, nguvu ya umeme imeshuka hapa, mlango wangu umefunguliwa. Nayo inapokea amri. Mara nyingi inawekwa juu ya mti wa umeme, na nyumbani kinabaki kibonyezo tu.

Fikiri habari ya kabini ya katye yenu. Mnajua inavyokuwa: kabini inaungua, watu wanachanga, kila nyumba inatoa hela, mafundi wanakuja, umeme unarudi, tunaimba. Baada ya miezi michache inaungua tena. Kwa nini? Kwa kuwa ilitengenezwa kwa nyumba 100 na sasa inabeba 300, na hakuna aliyejua hadi moshi ulipotoka. Sasa weka kompteri moja juu ya kabini na moja kwa kila nyumba. Kabini ikisema imetoa 100, na nyumba zote pamoja zikisema zimepokea 70, basi 30 zimepotea njiani, kwa waya mbovu au kwa wizi. Fundi anajua aende wapi. Na kabini ikianza kupata joto kila magaribi, kampuni inaona mapema, kabla hamjaombwa michango.

Uganda inatupa mfano wa kutosha. Mwaka 2005 umeme uliopotea njiani ulikuwa kama asilimia 38. Miaka kumi na kitu baadaye ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 17. Kompteri peke yake haikufanya kazi yote, waya na miti mipya pia ilifanya. Lakini huwezi kuziba shimo usiloliona.

Huku kwetu mashariki hatuko mbali na mambo hayo. Huko Rutshuru, santrali ya Matebe ya Virunga, yenye megawati 13 hivi, ilizinduliwa mwezi Desemba 2015, na wateja wake waliwekewa kompteri za kulipa mbele tangu mwanzo. Goma, katika katye ya Ndosho, kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3, nao wateja wake wana kompteri za akili. Kampuni hizo changa hazikuthubutu kuanza bila kompteri. Zilijua kwamba forfe ingeziua katika mwaka wa kwanza.

BADALA YA GIZA, AMPEA 10

Hapa ndipo napenda usome polepole.

Mwezi Juni 2023 Afrika Kusini ilikuwa katika delestaje kali kabisa. Kampuni ya Eskom ikafanya jaribio katika eneo la Fourways, Johannesburg. Badala ya kuzima nyumba zote zenye kompteri za akili, ilizishushia kipimo: ampea 10 kwa kila nyumba, basi. Mwenye nyumba anapata onyo. Akizima jiko na boila ya maji, taa zinabaki, televisheni inabaki, frigo inabaki. Akishupaa, kompteri inamkata kwa muda mfupi ili akumbuke.

Hesabu tena, vijana. Nguvu ya umeme wetu ni volti 220. Kama Kisangani, magaribi, kila nyumba ingeachiwa ampea 2 tu, hiyo ni wati 440. Resho haiwaki. Lakini balbu tano za LED, za wati 9 kila moja, ni wati 45. Televisheni ndogo, wati 60. Simu tatu zinachajiwa, wati 20 hivi. Unabaki na nafasi ya frigo. Mwanafunzi anasoma, mama mkunga anaona anachofanya, na sombe inamalizikia juu ya makala. Je, hilo si afadhali kuliko giza la katye nzima?

Na nyumba 40,000 zinazokula wati 440 kila moja, hata zikila zote kwa mara moja, hazipiti megawati 17.6. Linganisha na zile resho 12,000. Mto ni uleule, mashine ni zilezile.

Kusikilizana namna hiyo si ndoto. Tarehe 6 Septemba 2022, jimbo la California, Marekani, lilikuwa katika joto kali. Kila nyumba iliwasha mashine ya kupoza hewa, na umeme ulikaribia kukatwa. Saa kumi na moja na dakika 45 jioni serikali ilituma ujumbe wa simu kwa watu wengi: zimeni visivyo vya lazima. Ndani ya dakika chache matumizi yalishuka kwa zaidi ya megawati 1,000, nao hawakukatwa. Wengine walizima kwa mkono. Wengine wana nyumbani kipimo cha joto chenye akili ambacho kampuni, kwa mapatano, inakiongoza kwa muda mfupi, na mwenye nyumba analipwa kidogo au fakture inapungua. Kampuni ilipona, nayo haikuhitaji kujenga santrali mpya kwa ajili ya siku chache za joto. Kwa lugha ya biashara, wati usiyoila ni rahisi kuliko wati ya kujengwa.

Wanaofanya kazi katika migodi mikubwa wanalifahamu jambo hilo. Kiwanda cha shaba hakiruhusiwi kula kinavyotaka. Kina kompteri, kina mapatano, na mafundi wake wanajua kila saa kinakula ngapi. Akili iliingia kwa wakubwa zamani. Jipya ni kwamba sasa imekuwa rahisi kiasi cha kuingia kwa mama wa Lubunga.

NYUMBANI, UANZE NA NINI?

Usianze na yale ya matangazo: taa inayowaka ukipiga makofi, mlango unaosema bonjour. Hayo ni michezo. Anza na kujua nini kinakula.

Resho ya wati 1,500 kwa saa mbili inakula sawasawa na balbu ya LED ya wati 9 inayowaka zaidi ya saa 330, yaani kama magaribi 66 ya saa tano tano. Kwa hiyo yule baba anayewafokea watoto kwa ajili ya taa ya choo, huku resho inachemsha maji ya kuoga, anamkimbiza panya na mbuzi yuko shambani. Balbu ya zamani ya wati 60 ndiyo ya kutupa. Pasi ipigwe mara moja kwa nguo za wiki nzima, na asubuhi kuliko magaribi. Frigo yenye mpira uliochanika mlangoni inafanya kazi usiku kucha ili kupoza sebule.

Mwenye kompteri ya kulipa mbele anaweza kuyajua yote bila kununua kitu. Soma namba, washa chombo kimoja tu kwa saa moja, soma tena. Zipo pia prizi zenye kipimo, zinazokuonyesha wati na kuzimwa kwa simu; mwenye ligablo anayeuza vinywaji baridi itamfaa, kwa kuwa frigo yake ndiyo biashara yake. Na nyumba za mbali ambako SNEL haitafika upesi, kuna sahani za jua za kulipa kidogo kidogo kwa simu, namna ya M-Kopa iliyoanza Kenya mwaka 2012. Hizo nazo zina akili: usipolipa zinajifunga.

MASWALI KABLA YA KUSAINI

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni asali. Kompteri ya kulipa mbele haina huruma. Hela ikiisha saa nne ya usiku na mtoto anaumwa, hakuna wa kumbembeleza. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa 2023, ilijulikana kwamba watu waliotumwa na kampuni ya umeme waliingia kwa nguvu katika nyumba za maskini na za wagonjwa ili kuweka kompteri hizo, na zoezi hilo likasimamishwa. Ndiyo maana mahali pengi kompteri inapangwa isikate usiku wala siku ya sikukuu, au inakopesha umeme kidogo wa dharura. Jambo hilo linawezekana kabisa. Ni kupanga tu.

Tena kompteri inayotuma habari kila nusu saa inajua saa mnayoamka, saa mnayolala, na siku mnazosafiri. Mwaka 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikataa kumlazimisha kila mwananchi kuipokea, kwa sababu hiyo hasa. Mwizi akipata habari hiyo, amepata ufunguo.

Na kuna hili la tatu, ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Kompteri haizalishi umeme. Mashine ikisimama, kisanduku kizuri chenye taa ya kijani kitakuonyesha sifuri, kwa uaminifu mkubwa. Kampuni inayochukua hela za mbele bila kutengeneza mashine inatumia akili ya upande mmoja.

Basi, tangu sheria ya Juni 2014 ilipofungua kazi ya umeme kwa kampuni nyingine, wanaokuja kukupangia kompteri wanaweza kuwa SNEL au wengine. Mkutano wa katye ukiitishwa, usiende kusikiliza tu. Uliza: kompteri hii nalipa mimi au kampuni? Ikiharibika, ni nani anaitengeneza, na kwa siku ngapi? Salio langu la forfe la zamani litahesabiwa namna gani? Je, itanikata usiku? Habari zangu zinakaa kwa nani? Umeme ukiwa mchache, mtatushushia ampea au mtatuzima wote? Na kabini yetu, nayo itawekewa kompteri, au ni sisi peke yetu tutakaopimwa?

Andika majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu.